Bibi Ukoo na Wazee wa Sketi

Nasikia siku hizi wanasema Bibi Ukoo alichanganyikiwa uzeeni. Wanalisema kwa upole, vichwa wameinamisha, glasi mkononi: maskini, alikuwa hodari sana, halafu akili ikaanza kuhama. Waongo. Watu wazima na sketi zao, waongo wakubwa. Mimi nilikuwa naye. Akili yake ilikuwa mahali pake mpaka siku ya mwisho niliyomwona, na anayebisha aje Hounslow, huku London, aniambie usoni. Nitamsubiri kituo cha basi.

Jina lake silitaji. Mimi na mama tulimwita Bibi Ukoo, na tulipomweleza maana yake akafurahi kwa namna yake, yaani alikunja uso kidogo kuliko kawaida. Alikuwa mwanamke wa Kiskoti, akiishi peke yake Harrow, London hiyo hiyo, na kazi aliyojitolea kufanya ilikuwa kutunza historia ya ukoo mmoja wa Uskoti: nani kamzaa nani, nani kamwoa nani, nani kafia wapi. Ukoo wenyewe pia siutaji, wasije wakapata sifa bure. Alijua makaburi ya watu ambao hata wajukuu wao hawayajui. Yeye mwenyewe alizaliwa wapi, wazazi wake kina nani? Sijui. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu, "Mimi si kazi yangu." Basi.

Tulivyokutana naye ni hivi. Mwishoni mwa miaka ya tisini mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huku Hounslow. Kulikuwa na bibi mmoja mgonjwa, hasemi, na dada yake alikuja kumtazama kila Jumapili kwa basi kutoka Harrow. Jumapili moja huyo dada mtu akaishika beji ya mama pale kifuani, bila hodi wala nini, akaivuta akaisoma.

"Grizel? Nani kakupa jina hili?"

Mama jina hilo alikuwa analichukia. Kwao Tukuyu nzima hakuna mwingine mwenye jina hilo, shuleni walimtungia nyimbo. Akajibu, "Baba."

"Baba yako alikuwa nani?"

Mama akataja, jina na la ukoo. Yule bibi akaachia beji, akakaa kitandani kwa mgonjwa, akasema, "Namjua. Nina kaburi lake."

Hivyo ndivyo watu wa kazi ile wanavyosalimia.

Nyumba yake ilikuwa baridi kama friji la samaki. Hita ilikuwapo, lakini aliiwasha chumba cha makaratasi peke yake, kwa ajili ya makaratasi. Sebuleni watu wanatetemeka na makoti yao, chumba cha pili wafu wanaota joto. Chai yake nyeusi kama lami. Chakula alikula amesimama, mkate mkononi, kama mtu anayesubiri treni. Na alikuwa na swali moja, alilitumia kwa kila kitu kama watu wengine wanavyotumia chumvi: "Nani alisema, na alijuaje?" Ukimwambia basi limechelewa, nani alisema, na alijuaje? Ukimwambia kesho mvua, hivyo hivyo. Mama alimwalika kanisani kwetu mara moja, mchungaji alipoanza kueleza mbinguni kukoje nikaona midomo ya Bibi Ukoo inacheza. Nikamkanyaga mguu.

Sitaki kumfanya malaika. Siku ya kwanza kuja kwetu aliubana mkoba kwapani kama anapita katikati ya vibaka, na ngazini walikuwapo watoto wawili tu wanacheza karata. Nikamwambia, "Bibi, hao ni watoto." Akasema, "Nimeona." Mkoba hakuulegeza. Akamuuliza mama kama nyama yetu imepimwa. Nikataka kumfungulia mlango atoke. Mama akaniambia kwa Kinyakyusa nikae, akampakulia ndizi na nyama, na mwenzangu akala akaomba tena, halafu akaosha sahani yake mwenyewe na kutukosoa tunavyokausha vikombe. Ndivyo alivyokuwa. Anakutusi asubuhi, mchana anapigana kwa ajili yako, na hayaoni kuwa ni mambo mawili.

Sketi nazo alizidharau, zile wanazovaa wanaume wa Kiskoti. Alisema wengi wao hapa London wanazikodi, wanapiga nazo picha, halafu hawajui bibi yao alizikwa wapi.

Sasa nieleze tulitaka nini kwake.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mskoti aliyekwenda Tukuyu kulima chai enzi za Mwingereza. Akaishi na bibi yangu, Tusajigwe binti Kabeta, wakazaa. Mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni, Mzungu akaondoka. Akarudi kwao, akaoa Mzungu mwenzake, akazaa tena, akazeeka, akafa, akawekewa jiwe zuri. Kule Tukuyu bibi akabaki na jina moja: hawara wa Mzungu. Kisimani hivyo, sokoni hivyo, kanisani wakimpisha kwenye benchi hivyo. Amekufa nalo. Mama hakutaka shamba, hakutaka pesa, hata picha hakutaka. Bibi Ukoo alikuwa anaandaa kitabu kikubwa cha ukoo ule, kazi ya maisha yake, na mama alitaka kitu kimoja humo ndani: mama yake aandikwe mke.

"Si mwanamke aliyezaa naye," alimwambia. "Mke."

Bibi Ukoo hakupepesa macho. "Nipe ushahidi wa pande mbili. Upande mmoja hautoshi."

Nikalipuka. Nilimwambia ushahidi ni huyu hapa amekaa mbele yako na pua ya baba yake, unataka nini kingine, damu? Nilimwambia mengi. Mimi shule niliiacha njiani, Kiingereza nimejifunza kwenye televisheni na kwa kugombana na masupavaiza kazini, bohari ya Hayes, kwa hiyo nikikasirika kinatoka kizuri zaidi. Aliniacha mpaka pumzi ikaisha.

"Umemaliza? Kaa. Chai inapoa."

Halafu tukaharibu wenyewe. Alimwambia mama ataje watoto wa Bibi Tusajigwe kwa kufuatana. Mama akataja. Akataja wa tumboni, akataja wa mama mdogo waliolelewa pale, akataja yatima wa jirani, akataja mtoto aliyekuja kusoma akabaki, wote kwenye mstari mmoja kwa umri. Kwetu ungetajaje? Bibi Ukoo akaandika kwa penseli, akahesabu, akavua miwani.

"Mama yako alizaa mara tatu mwaka mmoja?"

"Wote watoto wake," mama akasema.

"Wa tumbo lake?"

Mama akanuna. Mama yangu akinuna hata jiko linazimika. "Kwetu watoto hawagawanywi. Mama alitufundisha hivyo. Nikiwagawa leo mbele yako, nimemtukana."

"Kwangu wanagawanywa. La sivyo hakuna kitabu."

"Basi hakuna."

Tukarudi Hounslow. Wiki zikapita. Jumapili Bibi Ukoo anakuja kwa dada yake, mama anambadilisha mgonjwa shuka, wanapishana kama maaskari. Mimi nilimchukia kila mmoja kwa zamu. Nikamwambia mama, sasa huyo bibi wa Kizungu atakufa na wewe utabaki na hasira zako. Mama akaniambia nishushe sauti. Nikaipandisha. Mwisho akasema, "Haya. Lakini wewe ndiye utakayemwambia mjomba wako nimemtenga na wenzake."

Tukaenda Harrow. Mama akasimama kabisa, kama anaungama, akataja wa tumboni peke yao. "Aleki. Kabeta. Sekela. Mimi."

Bibi Ukoo aliandika, kisha penseli ikasimama.

"Kabeta ni nani?"

"Si nimekwambia? Kaka yangu. Alirithi jina la babu, baba yake mama."

"Na Sekela?"

"Jina la bibi, mama yake mama."

Akainuka. Kwa mara ya kwanza nikamwona Bibi Ukoo akizunguka chumba. Akatueleza polepole, kama aliyebeba kitu anaogopa kukimwaga. Watu wa kwao zamani walikuwa na utaratibu wa majina. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba wa mume. Wa pili, la baba wa mke. Binti wa kwanza, mama wa mke. Binti wa pili, mama wa mume.

"Mama yake baba yako aliitwa Grizel," akasema. "Na kaka yako wa pili ana jina la Kabeta. Mwanaume wa kwetu hampi mwanawe jina la baba wa hawara. Anampa jina la mkwe wake. Huyu mtu alijua kabisa Kabeta ni nani kwake."

"Na Aleki?" mama akauliza.

"Aleki ni baba yake mzazi. Fundi wa kuchonga mawe. Huyo naye nina kaburi lake."

Mama akaweka kikombe chini. Akaweka mkono mdomoni. Nikadhani anaumwa.

"Mama hakuwahi kumwita kaka kwa jina," akasema.

"Vipi?"

"Maisha yake yote. Alimwita Baba. Baba njoo ule, Baba kafunge ng'ombe. Jina langu mimi, gumu hivi, alilitamka. La Aleki hakulitamka hata akiwa na homa. Watu wakasema ana hasira na Mzungu. Na sisi tukadhani hivyo." Akanigeukia mimi, kwa Kiswahili. "Mwanangu, ni mkwe wake! Lilikuwa jina la mkwe!"

Nikamtafsiria Bibi Ukoo. Kwa Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa anamkwepa baba mkwe. Akimwona njiani anaacha njia. Jina lake halitamki, hata kama amepewa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Na anayefanya hivyo ni mke. Hawara hana mkwe wa kumkwepa. Bibi yangu alimkwepa mtu aliyekufa Uskoti, ambaye hajawahi kumwona, kila siku, mpaka na yeye akafa.

Bibi Ukoo akasema lile swali lake, lakini safari hii sauti ilikuwa chini. "Nani alisema, na alijuaje?"

"Ninasema mimi," mama akajibu. "Nilikuwa ndani ya nyumba."

"Inatosha," akasema Bibi Ukoo. "Huo ni upande wa pili."

Mama akalia. Mimi ndiyo kwanza nilitaka kuvunja kitu. Maana fikiria: kumbe alijua! Miaka yote nilikuwa namsamehe kidogo yule babu, najiambia labda Mzungu hakuelewa, labda aliona mchezo. Alielewa! Alikaa akapanga majina mmoja mmoja kama mtu anayepanga nyumba yake, halafu akapanda meli. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na Bibi Ukoo akasogeza vikombe mbali na mikono yangu.

"Sheria yetu haitamtambua mama yako," alimwambia mama. "Mimi siandiki sheria. Naandika nani alikuwa mke wa nani."

Kitabu kilikuwa cha chama cha ukoo hapa London, na kamati yao ndiyo yenye neno la mwisho. Siku ya chakula chao cha mwaka, kwenye hoteli moja mjini, kamati ilikaa kwanza chumba cha juu, na Bibi Ukoo akatuchukua. Kwenye treni ndipo alipotuambia: mwenyekiti ni mtoto wa babu yangu kwa yule mke wa Kiskoti. Mdogo wake mama, baba mmoja. Nikamuuliza kwa nini ametuficha. Akasema hakuficha, alikuwa anasubiri tuwe na ushahidi, asije mama akaenda kulia kwa mtu kabla ya wakati. Mama hakugomba. Alishuka njiani, tukarudi naye mpaka nyumbani, akachukua pakiti ya chai ya Tukuyu aliyoletewa na wageni. Huwezi kwenda kumwona mdogo wako mikono mitupu.

Wazee walikuwa wamevaa sketi zao. Mwenyekiti alikuwa na paji la uso la mama, kabisa, kama limekatwa kwa kisu kimoja. Mama akampa chai kwa mikono miwili. Akaipokea, akaiweka mezani pembeni ya jagi la maji. Bibi Ukoo akaeleza yote, majina ya kwao na mkwe wa kwetu, neno kwa neno, hakuongeza hata pambo moja.

"Hakuna cheti," mwenyekiti akasema.

"Ukurasa wa kwanza wa kitabu," Bibi Ukoo akasema, "una mwizi wa ng'ombe na mwanamke aliyekimbia naye. Cheti chao kiko wapi? Nanyi mmewachora ukutani."

Mzee mmoja akacheka, akajikohoza.

"Ile ni historia," mwenyekiti akamjibu.

"Na hii ni nini?"

"Hii ni familia yangu," mwenyekiti akasema.

Mama akamwangalia. "Na mimi je?"

Akaitazama ile pakiti ya chai. "Mama yangu bado yu hai," akasema. "Mnataka nimwambie yeye ni nani?"

Nilimwelewa, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Maana wa kwake kwa sababu yu hai asiguswe, na wetu kwa sababu amekufa aendelee kuitwa hawara! Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia habari ya sketi yake, na miguu yake, na mengine ambayo mama alinikataza kuyarudia mahali popote. Wakapiga kura kwa mikono. Mkono wa Bibi Ukoo ulikuwa peke yake hewani, umenyooka kama wa mtoto wa shule. Yule mzee aliyecheka alikuwa anasoma dari.

Bibi Ukoo akasema kazi ni yake, anaiondoa. Wakasema sawa. Lakini nakala ya zamani alikuwa ameshawapa, kwa uaminifu wake ule wa kijinga, Mungu anisamehe, na wakachapa kutokana nayo. Kitabu kizuri, jalada gumu. Mbele wamemshukuru Bibi Ukoo kwa jina lake kamili. Ndani, kwa babu yangu: alioa mara moja. Mama alikifunga, akaenda shifti. Mimi niliwapigia simu wale watu mpaka wakabadilisha namba. Bibi Ukoo hakukanyaga tena kwao, na dada yake alipofariki akaacha kuja Hounslow. Kwenye simu alijibu neno moja moja. Nikafikiri amekata tamaa. Nikamkasirikia na yeye.

Miaka ikapita. Asubuhi moja nilikuwa natoka Harrow kwa rafiki yangu, napanda treni ya Metropolitan kwenda mjini, namkuta Bibi Ukoo amekaa, amekonda, mkoba kwapani. Nikakaa naye. Akaufungua nichungulie. Gundi ya karatasi, brashi, na vikaratasi vyembamba vilivyochapwa vizuri kabisa, herufi zile zile za kitabu.

"Kitabu chao wamekigawa kwenye maktaba," akasema. "Uskoti nimemaliza. Imebaki London."

Nikachukua kikaratasi kimoja, nikasoma. Nikakisoma mara ya pili.

"Bibi, si kosa hili?"

"Kosa kubwa. Nilikuwa mkutubi maisha yangu yote. Mtu akifanya hivi kwenye maktaba yangu ningemwitia polisi." Akafunga mkoba. "Una haraka?"

"Sina."

"Vizuri. Kuna kijana pale maktaba, ana macho makali, nilipojaribu mara ya kwanza nikashindwa. Wewe kazi yako ni kuongea."

Nikaongea! Maktaba kubwa, kimya, watu wanageuza kurasa kama wanaogopa kuziamsha. Nilimwendea yule kijana nikamwuliza kadi inapatikanaje, na kwa nini wanataka bili ya gesi, na mtu anayepanga chumba bili ya gesi ataitoa wapi, na nani alitunga sheria hiyo, na yeye binafsi anaionaje. Nilianza kwa kuigiza, dakika si nyingi nikawa nimekasirika kweli. Kijana wa watu jasho. Nyuma ya bega lake nilimwona Bibi Ukoo ameinama kwenye meza ya pembeni, anabonyeza ukurasa kwa kiganja, anasubiri ushike, hana haraka. Akapita mlangoni bila kunitazama, gundi kwenye mkono wa koti. Sikumwona tena. Alifariki kabla ya mwaka kuisha, na jirani yake ndiye aliyetuambia.

"Sasa dada," kijana akasema, "unataka nini hasa?"

Nikamwambia kitabu kile pale, kwenye meza ya pembeni. Akakileta mwenyewe, nadhani ili niondoke. Nikafungua ukurasa. Karatasi bado ina unyevu. Nikatoa simu, nikampigia mama, alikuwa zamu, akapokea kwa kunong'ona. Nikamwambia asikate. Nikamsogezea kijana kitabu, nikamwelekezea kidole, nikamwomba anisomee mstari huo kwa sauti, nikisingizia miwani nimesahau.

Akasoma. "Alioa mara mbili. Mke wake wa kwanza, Tusa… Tusaji…"

"Tusajigwe," nikamwambia. "Rudia."

Akarudia. Mtu akageuka kututazama. "Tusajigwe, binti Kabeta, wa Tukuyu." Kisha akaona mkono wangu umemsogezea simu mdomoni. "Simu haziruhusiwi humu ndani."

"Najua," nikasema. "Soma tena. Mke wake wa kwanza. Kwa nguvu."

Akasoma.